Kona ya Kushoto Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumepewa madaftari. Kila mtu moja, jalada la bluu, na kalamu juu yake, kama watoto wa darasa la kwanza. Aliyetupa ni mama mmoja mgeni aliyeletwa na wenye kiwanda, na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshapewa jina: Mama Maswali. Anauliza kila kitu. Umelalaje, unaanza kuchoka saa ngapi, nani anakusikiliza ukiwa na jambo. Bibi Harusi, mwenzetu wa mezani ambaye uchumba wake una mwaka wa tisa na harusi haionekani, alimjibu: "Ananisikiliza mchumba wangu, ila hajibu."

Kisa cha yote ni fundi wa sufuria kubwa, yule anayepika sabuni. Mwezi uliopita alikaa sakafuni katikati ya zamu, akashindwa kuinuka, na hospitali hawakuona ugonjwa. Wiki ileile watu kumi na mmoja hawakuja kazini, na sabuni zilizoharibika zikajaza mapipa. Ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba tuna vichwa pia, si mikono tu.

Mama Maswali anataka tuandike siku nzito na siku nyepesi, msimu mzima wa mvua, na si lazima kumwonyesha mtu. Kisha kila meza itachagua mjumbe, wajumbe wakae na wakubwa watafute dawa. "Dawa ya kazi yenu mnaijua nyinyi," alisema. Hapo nilikubaliana naye. Dawa ya meza ya kufunga, tunaozivisha sabuni karatasi, naijua mimi, mwaka wa kumi na sita huu. Mtu mwingine wa kuchaguliwa simwoni.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linapigwa mpaka hatusikilizani. Siku nyepesi.

Ijumaa, 7 Machi

Wamemchagua wifi.

Jumamosi, 8 Machi

Jana kalamu ilikataa. Leo niseme yote, maana daftari halina mdomo.

Tuko wanane mezani, wanawake watupu. Wifi kura sita, mimi mbili, na moja kati ya hizo mbili nilijipa mwenyewe. Ile nyingine naamini ni ya wifi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko zile sita.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Kaka alivuka mpaka kutafuta kazi miaka mitatu iliyopita, na simu zake zimezidi kupungua. Mkewe akabaki kwa Mama, akitazama mlango. Ni mimi niliyekwenda kwa Bwana Saa, msimamizi wetu, mtu anayetazama saa yake hata ukimsalimu, nikamwomba ampe wifi nafasi mezani. Ni mimi niliyemfundisha kukunja karatasi. Mimi ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo naanza kona ya kushoto, kisha ya kulia, halafu mkia unaingia chini na ukucha unapita mara moja. Wengine wote huanza kulia. Wifi ni wa mkono wa kulia lakini alijifunza kwa kunitazama, akachukua mpaka ushoto wangu. Meza nzima ni mimi na yeye tu tunaokunja hivyo. Asante ya punda.

Jioni nilipita kwa Mama. Wifi alikuwa bado hajafika, lakini habari zilikwisha kufika. Mama alinipokea kwa macho yanayong'aa. "Umesikia? Mwanangu kawa mjumbe!" Nikamwambia, mwanao ni mimi. Akacheka akadhani natania. Nilirudi nyumbani nimevimba, na baba watoto akaniuliza kama nimemeza ndimu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Sabuni inatoa jasho, karatasi haishiki vizuri. Wifi ameanza kutembea na kijitabu mfukoni mwa aproni. Anauliza watu, "Kitu gani kinakuchosha roho hapa?" Mimi hajaniuliza. Angeniuliza nisingemjibu, lakini angeuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Ameniuliza. Sikumjibu.

Ijumaa, 14 Machi

Mkutano wa kwanza wa kiwanda kizima, saa nane, chini ya paa la kupakilia mizigo. Sikwenda. Niliwaambia tumbo linaniuma. Nilikaa peke yangu mezani nikasikia makofi yakipigwa mara tatu.

Bibi Harusi alirudi akitaka kunisimulia. Nikamwambia aniache, sitaki habari za watu wa mikutano. "Haya, bibi," akasema, "ukitaka utaniuliza."

Jumatatu, 17 Machi

Leo damu imechemka, na naandika kabla haijapoa.

Meza yetu ina mila yake ambayo haijaandikwa popote. Kila mmoja ana trei yake ya sabuni, na karani hupita kila saa akiandika nani amefunga ngapi. Sasa, kuna siku mtu anaamka vibaya. Mtoto anaumwa, au mume kapotea, au roho tu imekuwa nzito bila sababu. Siku hiyo anageuza trei yake, mshikio uelekee mlangoni. Hasemi kitu. Anatoka, anapumua, anarudi, na wakati hayupo kila mmoja wetu anatupia sabuni mbili tatu kwenye trei yake. Karani akifika anakuta hesabu imetimia. Mila hiyo niliianza mimi, enzi za mama mmoja aliyekuwa akikaa kulia kwangu, mikono yake ikitetemeka. Mimi mwenyewe sijawahi kugeuza trei, miaka kumi na sita.

Leo Bwana Saa amesimama mbele yetu na karatasi mkononi, anasoma kama aliyegundua moto: meza ya kufunga itajaribu utaratibu mpya. Hesabu itaandikwa kwa meza nzima, si kwa mtu. Atakayezidiwa atageuza trei, atapumzika dakika kumi bila kuulizwa, na wenzake watamshikia. "Ni pendekezo la mjumbe wenu," akasema. Watu wakampigia wifi makofi. Akainamisha kichwa, akanitazama, kama anayesubiri kitu kwangu.

Alisubiri nini? Nipige makofi kwa kitu changu mwenyewe? Siri tuliyoitunza miaka yote kaibeba mpaka ofisini, na sifa ni zake. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Ijumaa, 21 Machi

Mkutano. Tumbo tena.

Jumatano, 26 Machi

Karani anasema meza yetu imevuka hesabu siku nne mfululizo. Sabuni zilizoharibika zimepungua nusu. Watu wanacheka mezani. Hata yule mwenzetu aliyekuwa akisinzia saa nane amegeuza trei mara mbili, na akirudi anafunga kwa kasi kama mtu mwingine. Na mvua yote hii hakuna aliyekosa kuja kazini.

Mimi nimeharibu sabuni kumi na tisa wiki hii. Karatasi zinachanika mkononi. Hakuna aliyesema neno kwa sababu hesabu ni ya meza. Zamani ningekuwa wa kwanza kwenye ubao wa karani, na ubao wenyewe wameufuta.

Jumapili, 30 Machi

Kwa Mama. Paa lake linavuja upande wa jikoni, wifi kapanda juu ya meza kaweka plastiki. Mama ananisimulia: mwanangu hivi, mwanangu vile, leo kanikanda miguu, jana kaitwa ofisini na wakubwa wakainuka kumpokea. Nikasema, Mama, mimi nilikununulia godoro hilo unalolalia. Akasema, "Najua, mwanangu. Asante." Kisha akaendelea na habari za wifi.

Niandike ukweli, si tuliambiwa tuandike ukweli? Namwonea wifi wivu. Namwonea wivu wa sauti yake ndogo ambayo watu wanainama kuisikiliza, wakati mimi nikisema watu wanarudi nyuma. Namwonea wivu mpaka wa huzuni yake, kwa sababu inapendwa. Mimi huzuni zangu nilizimeza, na hakuna aliyeniambia pole.

Jumanne, 1 Aprili

Mama Maswali kaweka sanduku la mbao karibu na mlango wa stoo. Lina kufuli na tundu juu. Yeyote mwenye neno aandike bila jina, ataje meza tu, litafunguliwa Ijumaa. Nadhani itakuwa hivi: Bwana Saa atalibeba ofisini, asome, afanye anayoyajua.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeandika. Nimetumbukiza.

Kuna jambo ninalolijua peke yangu. Wifi anashikwa na kifua. Si ugonjwa wa mapafu. Hofu inampanda bila taarifa, pumzi inakatika, vidole vinakufa ganzi, na anakimbilia stoo kukaa nyuma ya magunia ya magadi, anahesabu mpaka mia, tena mpaka mia. Ilianza mwezi ule simu ya kaka ilipokatika mara ya kwanza. Aliniambia mimi tu, akinishika mkono: "Wifi, usimwambie Mama. Atajua mwanawe ndiye sababu." Kwa miaka miwili trei yake nimekuwa nikiijaza mimi.

Niliandika kwa herufi kubwa ili mkono wangu usijulikane: MEZA YA KUFUNGA. MJUMBE WENU ANASHIKWA NA HOFU MPAKA ANAJIFICHA STOO. MGONJWA WA ROHO ATAWAONGOZAJE WAZIMA?

Nikakunja, nikatia. Nilipokuwa narudi mezani nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetema mfupa uliomkwama. Wepesi ule ulidumu mpaka king'ora cha chakula.

Ijumaa, 4 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie tumboni, maana leo Bwana Saa alikataa habari za tumbo. Alisema mkutano wa leo ni wa kila mtu, sanduku linafunguliwa. Nikashtuka kidogo, nikajituliza: watafungua, wataondoka nalo.

Mvua ilikuwa kubwa, tumesimama chini ya paa tumebanana. Mama Maswali akafungua kufuli, akapanga karatasi mafungu mafungu kwa meza. Kisha akaita mjumbe wa meza ya kukata. Yule akachukua fungu la meza yake, akaanza kusoma kwa sauti. Nikamgeukia Bibi Harusi. "Kwani zinasomwa hadharani?"

Akanitazama kama nimetoka usingizini. "Si tulikubaliana mkutano wa kwanza? Kila mjumbe anasoma za meza yake, mbele ya wote, bila kuruka neno. Ili ofisi isichague ya kusikia. Wewe ulikuwa na tumbo."

Nilifikiri kumwambia wifi apumzike nimsaidie kusoma. Nilifikiri kuanguka kwa makusudi. Nikabaki nimesimama, na meza yetu ikaitwa.

Wifi alikuwa na karatasi nne. Ya kwanza ilihusu choo, watu wakacheka. Ya pili ilihusu choo hichohicho. Kisha akaichukua ya tatu, na kabla hajaifungua mkono wake ukasimama. Nikaiona kutoka pale nilipokuwa. Mimi, mjanja wa herufi kubwa, nilikuwa nimeikunja bila kufikiri, kama nilivyokunja karatasi kwa miaka kumi na sita. Kona ya kushoto, kona ya kulia, mkia chini, ukucha umepita. Imekaa nadhifu, imekosa sabuni tu ndani.

Ni watu wawili duniani wanaokunja vile, na yeye hakuwa ameiandika.

Aliifungua taratibu. Akaipitia kwa macho. Akanitafuta katikati ya watu wale wote, akanipata. Halafu akasoma. Hakuruka neno, kama walivyokubaliana. Sauti yake ndogo, na mvua ile, na bado nadhani hakuna aliyekosa kusikia.

Alipomaliza akasema, "Ni kweli. Ni mimi. Nashikwa na hofu, najificha stoo nyuma ya magunia. Nahesabu mpaka mia, narudi kazini." Akakohoa kidogo. "Ya nne inahusu choo."

Hakuna aliyecheka. Akaikunja ile karatasi upya kwa mikunjo yake ileile, akaitia mfukoni mwa aproni.

Baada ya mkutano Bwana Saa alimwita. Alirudi kuchukua mkoba wake tu. Amesema mtu wa namna hiyo hawezi kukaa karibu na mashine, aende nyumbani mpaka daktari aandike. Tunaijua hiyo "mpaka". Watatu wameambiwa hivyo tangu niwe hapa, na hakuna aliyerudi.

Alinipita mlangoni. Akasema, "Kwaheri, wifi." Hivyo tu, kwa adabu yake ileile. Angenizaba kofi ningemshukuru.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku nzito.

Jumatatu, 7 Aprili

Bwana Saa amerudisha hesabu ya mtu mmoja mmoja. Ubao wa karani umeandikwa upya na jina langu liko juu. Nililitamani mwezi mzima. Nimelitazama mara moja, nikaligeuzia mgongo.

Saa tano mwenzetu mmoja aligeuza trei kwa mazoea, kisha akakumbuka, akairudisha. Hakuna aliyetupia kitu.

Mchana nilimuuliza Bibi Harusi anisimulie ule mkutano wa kwanza. Akakunja sabuni tatu kwanza.

"Wifi yako alisimama akaeleza habari ya trei," akasema. "Wakamuuliza, wazo hili ni la nani? Akasema, ni la wifi yangu. Yeye ndiye aliyeanzisha, mimi nimebebwa nalo miaka miwili. Leo anaumwa tumbo, lakini siku akija mumpigie makofi. Tukapiga kabisa, ingawa hukuwepo. Bwana Saa ndiye aliyeandika 'pendekezo la mjumbe'. Yeye majina yanamchelewesha."

Nikachukua karatasi, ikachanika.

"Na mimi nina macho," Bibi Harusi akaongeza, bila kunitazama. "Nimekaa mkabala na mikono yako miaka saba. Karatasi ile niliiona."

"Mbona hukusema?"

"Mwenyewe hakusema, niseme mimi nani?"

Jumatano, 9 Aprili

Nilikwenda kwa Mama. Wifi alikuwa uani akianua nguo kabla ya mvua. Amemwambia Mama kwamba kiwanda kimepunguza watu kwa ajili ya mvua. Mama akaniambia kwa huzuni, "Wangempunguza mwingine. Mwanangu huyu kazi ndiyo iliyokuwa ikimpa pumzi."

Wifi akaniletea kiti na maji ya kunywa. Nilisema, "Wifi." Akasema, "Naam." Nikasema mvua imezidi mwaka huu. Akasema kweli, imezidi. Nikanywa maji yake nikaondoka.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuna mkutano, Mama Maswali kasafiri. Meza imeanguka hesabu siku tano. Wawili hawakuja. Mimi nimeharibu sabuni thelathini na moja, na jina langu bado liko juu, kwa jinsi wengine walivyoharibu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudia kusoma daftari hili kuanzia mwanzo. Ni mimi kila ukurasa. Mimi nilianza, mimi nilifundisha, mimi nilinunua godoro. Mtu angeliokota barabarani angedhani kiwanda kile kina mfanyakazi mmoja, na hana raha.

Kitu kimoja nimekiona nikisoma. Tangu tarehe saba ya Machi kurasa zimejaa wifi, na ndipo sabuni zilipoanza kuniharibikia. Yeye alikuwa na hofu yake, akaenda stoo, akahesabu, akarudi na hesabu yake imetimia. Mimi nilikuwa na wivu wangu nikakaa nao mezani, na sikugeuza trei. Kati yetu wawili mgonjwa alikuwa mimi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeandika karatasi ya pili. Kwa mwandiko wangu. Nimeikunja kama ninavyokunja, kwa makusudi safari hii, nikaitia sandukuni mchana kweupe karani akiniona. Ijumaa mjumbe atakayesoma ni yeyote. Mimi nitasimama nyuma nisikilize, kisha chochote kitakachokuja kije.

Alhamisi, 17 Aprili

Meza imekaa kuchagua msomaji wa muda, maana mjumbe hayupo. Bibi Harusi akanyoosha mkono kabla ya wote. "Namtaka huyu," akasema, akanielekezea kidole. "Ana sauti." Kura sita.

Nilizitaka kura hizo tangu Machi. Zimekuja siku ninayotamani kuwa bubu.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimesoma.

Kulikuwa na karatasi mbili tu za meza yetu. Ya kwanza, choo. Ya pili niliigeuza mara mbili bila kuifungua, mpaka Mama Maswali akaniuliza kama nataka kukaa. Nikasema nikikaa sitainuka. Nikasoma hivi, nainakili ibaki:

"Ile karatasi iliyosomwa tarehe nne niliandika mimi, fundi wa kufunga, wifi yake mjumbe wetu. Niliandika kwa wivu. Aliniambia siri yake nikaitia sandukuni. Sasa nasema na yaliyobaki. Miaka miwili amekuwa akitoka dakika kumi na hajawahi kupungukiwa hata trei moja, karani afungue vitabu vyake. Tulimjazia sisi, na siku zetu alitujazia yeye. Mimi sikutoka hata dakika moja, na tangu Machi nimeharibu sabuni mia moja na arobaini, nimezihesabu. Kama kuna mtu asiyefaa kukaa karibu na kazi kwa sababu ya roho yake, nitumwe mimi nyumbani. Yeye arudi."

Nilipomaliza, mvua ilikuwa imekatika, kama iliyotaka kusikia. Nilisikia sauti nyuma, "Loo, wifi wa mtu!" na nyingine ikisonya. Sikumlaumu aliyesonya.

Aliyesema kwanza ni fundi wa sufuria kubwa, ambaye tangu akae sakafuni haongei zaidi ya salamu. Alisema, "Mimi nilikaa chini mbele yenu wote kwa sababu sikuwa na trei ya kugeuza. Ningekuwa nayo, ningerudi kazini siku ileile." Akageukia ofisini. "Mkimfukuza anayejua kupumzika, mtabaki na sisi tunaoanguka."

Kisha mjumbe wa meza ya kukata akauliza, ni nani hapa hajawahi kujificha mahali akapumua? Anyooshe mkono. Hakuna mkono ulioinuka. Bwana Saa mwenyewe alitazama saa yake, na nadhani hakuwa akitafuta muda.

Karani akaleta vitabu. Yote yalikuwamo. Mama Maswali na wajumbe wakaingia ofisini, tukasubiri tumesimama. Walitoka na mambo matatu: hesabu ya meza irudi, tena kwa meza zote; trei igeuzwe bila barua ya daktari, na anayetaka kumwona mtu wa kumsikiliza apewe nafasi; na mjumbe wa meza ya kufunga aitwe arudi kazini Jumatatu.

Na mimi? Bwana Saa alisema, "Wewe endelea na kazi." Nilitaka adhabu. Nilinyimwa hata hiyo.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemweleza Mama yote, wifi akiwa ameketi palepale. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alimshika wifi mkono akasema, "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unahesabu peke yako." Kisha akaniambia mimi, "Na wewe, mwanangu, nani alikwambia kwamba wewe huhitaji kushikwa?" Nililia kama mtoto. Wifi akatoka kwenda kuangalia jiko.

Jumatatu, 21 Aprili

Wifi amerudi. Meza ilimpokea kwa vigelegele. Alikaa mahali pake, kushoto kwangu. Alinisalimu. Zaidi ya salamu, hakuna neno.

Jumatano, 23 Aprili

Hakuna neno.

Ijumaa, 25 Aprili

Mkutano. Nilikwenda. Choo kitajengwa.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuna neno bado, na ni haki yake. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nimejifunza kukaa karibu na kiwiko chake bila kukigusa.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zinaishia. Mama Maswali ameanza kukusanya madaftari ya wanaotaka kutoa. Langu nitampa kesho, kwa hiyo hili ndilo la mwisho.

Leo saa nne roho nzito ilinijia. Sijui imetoka wapi, hakukuwa na sababu, nadhani ni uchovu wa msimu mzima. Vidole vikawa vizito, karatasi tatu zikachanika mfululizo, machozi yakaja juu. Niliitazama trei yangu. Miaka kumi na sita, na sasa wote wanageuza bila aibu, hata Bwana Saa kajiwekea kitrei kidogo cha kalamu juu ya meza yake na watu wanakichungulia wakicheka. Mimi mkono wangu haukwenda. Nani angenijazia? Nilichana karatasi ya nne.

Mkono ukapita mbele yangu kutoka kushoto. Ukaishika trei yangu, ukaigeuza, mshikio ukaelekea mlangoni.

Sikumtazama. Nilitoka, nikaenda stoo, nikakaa nyuma ya magunia ya magadi, mahali pake, nikahesabu mpaka mia. Niligundua kwamba mtu akikaa pale anaona mlango wa kiwanda na kipande cha barabara, na akiwa anamsubiri mtu atamwona akija. Nikahesabu tena mpaka mia.

Niliporudi trei yangu ilikuwa imejaa. Sabuni zote, kona ya kushoto kwanza. Bibi Harusi akaninong'oneza kwamba wifi aliwakataza wengine wasiguse kitu. Wifi alikuwa akiendelea na kazi yake, macho mezani.

"Asante, wifi," nikasema.

"Ulifikisha ngapi?" akauliza. Maneno ya kwanza zaidi ya salamu tangu arudi.

"Mia mbili."

"Kesho jaribu taratibu zaidi. Unakimbia sana."

Nikakaa, nikachukua karatasi. Hata kusamehe amenitangulia, mwanamke huyu. Nakuta roho inaniuma kwa hilo pia, kidogo.